Je, Ilhamu ni ya Manabii Peke Yao?

Miongoni mwa maswali ambayo wachunguzi wa dini hutuuliza mara kwa mara limo hili: Je, Mwenyezi Mungu humtilia mtu wa kawaida wazo jema moyoni mwake, au jambo hilo lilikuwa la manabii na mawalii tu? Swali hili lina ndugu yake, ambaye huulizwa kwa sauti ya chini zaidi: Dini yenye sala tano kwa nyakati zilizowekwa, na maneno yaliyowekwa, na mwezi wa kufunga uliowekwa, je, haiui akili ya kubuni? Muulizaji huwatazama watu wa dunia wakivumbua vyombo, wakitunga nyimbo na kujenga majumba, kisha huwatazama watu wa dini wakirudia rakaa zile zile, akajiuliza kama utii na ubunifu vyaweza kukaa katika nyumba moja.

Maswali haya hayawahusu washairi na wavumbuzi peke yao. Yamhusu seremala anayetafuta njia ya kuunga mbao mbili zisizotaka kuungana. Yamhusu mwalimu ambaye mtoto mmoja darasani hafahamu somo kwa njia iliyowafahamisha wenzake. Yamhusu mama ambaye kwa unga kidogo na mboga chache aitengenezea jamaa yake chakula cha kufurahisha. Tena yaihusu imani yenyewe. Mtu aaminiye kwamba hana lolote jipya la kumletea Mola wake, huabudu kama kibarua angojaye jua litue apate kwenda zake. Na mtu aaminiye kwamba kila wazo limpitialo kichwani ni sauti ya Mungu, huyo ni hatari kwa nafsi yake na kwa jirani zake. Baina ya makosa hayo mawili iko njia iliyonyoka, na Kurani Tukufu imetuonyesha.

Maana ya Ilhamu

Sisi Waislamu Waahmadiyya twaamini kwamba Mwenyezi Mungu hakunyamaza. Kama alivyokuwa akisema zamani, ndivyo asemavyo leo na waja Wake awapendao. Sheria imekamilika kwa Kurani Tukufu, wala haitakuja sheria nyingine. Lakini mazungumzo ya Mungu na waja Wake hayakukatika. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, aliusimamia ukweli huu maisha yake yote. Tarehe 11 Aprili 1900, siku ya Idi Kubwa, alisimama Qadian akatoa hotuba kwa lugha ya Kiarabu, ambayo hakuiandaa, na wanafunzi wake wakawa wanaiandika kadiri alivyokuwa akiisema. Hotuba hiyo yajulikana mpaka leo kwa jina la Khutba Ilhamiyya.

Daraja kama hiyo ni ya mteule wa Mungu, wala mtu yeyote asijipachike. Lakini Kurani Tukufu yaonyesha kwamba zipo daraja nyingine za uongozi wa Mungu, zilizo pana kuliko tunavyodhani. Neno wahyi limetumika humo kwa ajili ya nyuki, aliyeongozwa kujenga nyumba zake milimani na mitini na katika vile wajengavyo watu (16:69). Limetumika kwa mama yake Nabii Musa a.s., mwanamke aliyekuwa na mtoto mchanga na hofu kubwa, asiyekuwa nabii wala kiongozi wa taifa (28:8). Na tendo lililotoa neno hili ilhamu limetajwa katika Sura ya 91, nalo halikuhusishwa na nabii fulani. Limehusishwa na nafsi ya mwanadamu kwa jumla, ambayo Muumba wake ameifahamisha ubaya wake na wema wake (91:9).

Yafaa tuitafakari aya hii. Ilhamu ya kwanza iliyo ya watu wote ni ile ya dhamiri: kulijua jema na kulijua ovu. Basi mtu atafutaye fikra njema katika kazi yake, naye huku anaipuuza sauti hii ya kwanza, ni kama mtu aombaye maji ya mto ilhali amekiziba kisima cha nyumbani kwake. Aya zifuatazo zatufahamisha kwamba aliyeitakasa nafsi amefaulu, na aliyeizika katika uchafu amepata hasara (91:10-11). Kwa hiyo ubunifu, kwa mtu wa dini, hauanzii katika akili. Waanzia katika usafi wa moyo.

Muumba na Waundaji

Baadhi ya wacha Mungu huliogopa neno kuumba linapotajwa pamoja na mwanadamu, nao wana sababu njema ya kuogopa. Hata hivyo Kurani Tukufu yamsifu Mwenyezi Mungu kuwa Mbora wa waumbaji (23:15). Sifa hiyo yatufundisha mambo mawili kwa mara moja. Kwanza, mwanadamu naye amepewa fungu dogo la kuunda. Pili, fungu hilo halifanani kamwe na uumbaji wa Mungu. Mfinyanzi hakuumba udongo, wala maji, wala moto, wala vidole vyake mwenyewe, wala ile akili iliyomwambia chungu kiwe na mdomo mpana. Alichofanya ni kukusanya amana alizopewa na kuzipanga kwa namna ambayo haikuwapo jana.

Basi Yeye aliye Muumba, Mtengenezaji, Mfanyaji wa sura (59:25) ametuwekea mfano, nasi tumeamrishwa tujipambe kwa sifa Zake kwa kadiri ya uwezo wa waja. Amwigaye Mungu katika rehema huwa mwenye huruma. Amwigaye katika kusamehe huwa msamehevu. Je, amwigaye katika kuumba aweza kuwa mtu wa kuharibu, au mtu wa kukaa bure siku nzima mkono shavuni?

Safina Haikushuka Kutoka Mbinguni

Sasa twafika kwenye kosa lililo kubwa zaidi katika jambo hili. Watu wengi huidhani ilhamu kuwa ni umeme wa radi: humpiga mtu ghafula, naye hana la kufanya ila kungoja. Hivyo yule asemaye, "Mimi sina kipaji," hupata udhuru wa kutojaribu. Na yule asemaye, "Leo sina hamu," hupata udhuru wa kuacha kazi.

Mtazameni Nabii Nuhu a.s. Aliamrishwa aunde safina mbele ya macho ya Mungu na kwa wahyi Wake (11:38). Hapana shaka kwamba safina ile ilitokana na uongozi wa mbinguni. Lakini haikushuka kutoka mbinguni ikiwa tayari. Ilikuwa ya mbao na misumari, nayo ilijengwa kwa mikono, na kila wakuu wa watu wake walipompitia walimfanyia mzaha (11:39). Wahyi haukumwondolea kazi, ulimwongezea. Kadhalika Nabii Daud a.s. alifundishwa na Mungu ufundi wa kutengeneza mavazi ya vita ya kuwakinga watu (21:81), na Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alimsifu kwamba alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Mfalme na nabii, naye fundi!

Kanuni ya jambo hili imewekwa wazi: wale wafanyao juhudi katika njia ya Mungu, hao ndio ahadi yao kuongozwa katika njia Zake (29:70). Juhudi imetangulia, uongozi umefuata. Nyuki hakuambiwa akae ndani ya mzinga angoje asali. Aliambiwa ale katika matunda, azifuate njia za Mola wake kwa unyenyekevu, kisha ndipo kinatoka tumboni mwake kinywaji chenye rangi mbalimbali na dawa kwa watu (16:70). Ndugu msomaji, asali ni ya Mungu, lakini safari za kutoka ua moja hadi jingine ni za nyuki.

Wala tusiseme kwamba kwa juhudi zetu twamlazimisha Mungu kutoa. Ilhamu si ujira, ni zawadi. Mkulima hana amri juu ya mvua. Lakini mvua inyeshapo, shamba lililolimwa hunufaika, na shamba lililoachwa huota magugu tu. Mvua ni ile ile moja.

Kanuni Haiui Ubunifu

Turudi sasa kwa yule aliyeuliza kama sala zilizowekwa haziui akili. Jibu lake lipo katika sanaa ambayo Waswahili waijua vizuri kuliko mataifa mengi, yaani ushairi.

Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924 na kufariki mwaka 1964, alikuwa mbashiri wa Jumuiya yetu na mmoja wa washairi mashuhuri wa Kiswahili. Yeye ndiye aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baadaye akawa Waziri katika serikali ya nchi yake. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Litazameni jina hilo. Sheria zimetangulia, diwani imefuata, na vyote viwili vimo ndani ya jalada moja. Shairi letu la kawaida lina mistari minne katika ubeti, na kila mstari una mizani kumi na sita, na vina vya kati na vya mwisho havina ruhusa ya kupotea. Je, kamba hizi zimewafunga washairi wasiseme? Kinyume chake, mshairi atafutaye kina hulazimika kuyapitia maneno ambayo asingaliyakumbuka, na katika kuyapitia hukutana na maana ambayo hakuwa nayo alipoanza. Asiye na mizani husema lililo karibu na ulimi wake. Mwenye mizani hulazimika kwenda mbali.

Ndivyo ilivyo sala. Maneno yaliyowekwa ni mizani na vina vyake. Ndani yake Muislamu amepewa nafasi ambayo ni yake mwenyewe. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba mja huwa karibu mno na Mola wake akiwa katika sijida, basi na azidishe kuomba humo. Na Seyidna Ahmad a.s. alisisitiza kwamba baada ya kusoma maneno ya sala kwa Kiarabu kama yalivyofundishwa, mtu amwombe Mungu katika sala kwa lugha yake mwenyewe, ili moyo upate kuyeyuka. Basi mvuvi, mpishi, karani na mjane, kila mmoja katika sijida yake ni mtungaji. Hakuna mtu mwingine duniani awezaye kuitunga dua ile, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyaishi maisha yale. Mtu aliyezoea kumletea Mungu maneno mapya ya kweli kila usiku hataona shida kuwaletea watu fikra mpya za kweli kila mchana.

Je, Kila Jambo Jipya ni Bidaa?

Wako ndugu watakaotuambia: "Mtume s.a.w. ametuonya juu ya mambo ya kuzua. Mbona ninyi mwasifu upya?" Onyo hilo ni la haki, nasi twalishika. Ibada ambayo Mungu na Mtume Wake hawakuifundisha, hatuna ruhusa ya kuizua. Lakini njia za kuitumikia dini na watu hazikufungwa.

Katika mwaka wa 5 wa Hijiria, yaani 627, majeshi ya maadui yalipoukaribia mji wa Madina, Salman Mfursi r.a. alileta shauri la kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea. Mtume Mtukufu s.a.w. hakulikataa kwa sababu ya ugeni wake. Alilikubali, tena akachimba na kubeba udongo yeye mwenyewe pamoja na masahaba zake. Tazameni tena jambo hili: mwenye fikra alikuwa mgeni, mtu aliyekuwa ameachiwa huru kutoka utumwani. Enyi ndugu mlioingia katika Jumuiya hivi karibuni, msidhani kwamba mmekuja mikono mitupu. Yale mliyoyajua kabla, ufundi wenu, lugha zenu, elimu yenu, yawezekana ndiyo handaki ambalo mji wetu walihitaji.

Vipimo vya Wazo Jema

Hata hivyo wazo halitakasiki kwa kuwa jipya. Shetani naye hutia mawazo, na nafsi nayo husema kwa sauti tamu. Basi tupime kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni Kurani Tukufu. Wazo lolote lipinganalo na amri yake wazi, hata lije kwa ndoto yenye nuru, lirudishwe.

Kipimo cha pili ni manufaa. Kurani imepiga mfano wa mafuriko yabebayo povu juu yake: povu hupita likapotea, na kile kiwafaacho watu hubaki katika ardhi (13:18). Povu huonekana mbele na juu ya maji. Kazi nyingi za kushangaza ni povu. Fundi aliyegundua namna ya kushona nguo nzima ya mtoto kutokana na vipande vilivyosalia kwenye meza yake, huyo ameshika kitu kibakicho.

Kipimo cha tatu ni kile ambacho wengi wetu hushindwa nacho, nacho ni unyenyekevu. Karuni alipoulizwa juu ya mali yake alijibu kuwa ameipata kwa elimu aliyo nayo mwenyewe (28:79), na ardhi ikammeza. Mtazameni kinyume chake. Mwaka 1979 Profesa Abdus Salam, Muahmadiyya aliyezaliwa katika jimbo la Punjab, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na wataalamu wawili wengine, Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Katika hotuba yake kwenye karamu ya tuzo hiyo huko Stockholm alizitaja aya za Kurani zisemazo kwamba huwezi kuona kasoro katika uumbaji wa Mwenye rehema, na kwamba jicho likitazama tena na tena hurudi limechoka (67:4-5). Alikuwa amefika kilele cha elimu ya dunia, naye akasimama pale kama mtu aliyestaajabu.

Lakini mfano ulio mzuri zaidi kwangu ni wa mtu asiyejulikana sana. Waislamu wa Madina walipokuwa wakitafuta njia ya kuwaita watu kwenye sala, Abdullah bin Zaid r.a. aliyaona maneno ya adhana katika ndoto. Alikwenda kwa Mtume Mtukufu s.a.w., naye akaithibitisha ndoto ile kuwa ni ya kweli. Kisha akamwambia amfundishe Bilal r.a. maneno hayo, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa nzuri zaidi. Abdullah aliota, Bilal akaadhini. Karne kumi na nne zimepita, na kila mtoto wa Kiislamu alijua jina la Bilal, bali wangapi walijuao jina la Abdullah bin Zaid? Naye alifundisha kama alivyoambiwa.

Hapa ndipo penye mtihani wa kila mwenye fikra. Je, waweza kulitoa wazo lako likapimwa na aliye juu yako? Je, waweza kumpa mwenzio aliye na sauti bora kuliko yako, nawe ukasimama safuni ukaitika wito ambao ulikujia wewe kwanza? Ukiweza, basi wazo hilo lilikuwa amana. Usipoweza, hata kama lilianzia kwa Mungu, umekwisha lifanya kuwa sanamu.

Namna ya Kuilea

Ni lipi basi la kufanya kila siku? Kwanza, tuamke kabla ya alfajiri, walau kwa rakaa mbili, wakati ambapo kelele za dunia zimelala. Pili, tutazame. Kurani yawasifu wamkumbukao Mungu wakisimama na wakikaa na wakilala ubavu, na kufikiri juu ya uumbaji wa mbingu na ardhi (3:192). Mtu apitaye njia ile ile kila siku bila kuona kitu kipya, kasoro haiko njiani. Tatu, tushikamane na kidogo kidumucho, Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba amali impendezayo Mungu zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Ukurasa mmoja kila siku ni kitabu baada ya mwaka. Nne, tuandike. Wahyi wa kwanza aliouteremshiwa Mtume s.a.w. uliitaja kalamu (96:5), na wazo lisiloandikwa ni ndege aliyetua juu ya ukuta.

Tano, tusikate tamaa siku za ukavu. Hata Mtume Mtukufu s.a.w. alipitiwa na kipindi ambacho wahyi ulikatika kwa muda, maadui wakamcheka. Kisha ikashuka Sura ya 93 kumhakikishia kwamba Mola wake hakumwacha. Ikiwa mbora wa viumbe alingoja, sisi ni nani tusingoje? Lakini alingoja akiwa katika ibada na kazi. Seremala asiye na fikra mpya leo na anoe patasi yake. Mwalimu asiye na njia mpya leo na asahihishe madaftari kwa uaminifu. Mama asiye na jipya jikoni na aoshe vyombo kwa kumtaja Mungu. Wazo huja likabisha hodi, na humkuta nyumbani yule aliye kazini.

Basi kwa yule aliyeuliza kama ilhamu ni ya manabii peke yao, twamjibu: Unabii ni wa waliochaguliwa, lakini mlango wa Mola haukufungwa kwa yeyote abishaye. Asiuache mkono wake ukae bure, wala asijivunie alichopewa, wala asikifiche kwa choyo.

Ee Mola wetu, Uliyemfundisha nyuki njia zake, tufundishe na sisi njia zetu. Itakase mioyo yetu ipate kuisikia sauti ya wema, Ibariki mikono yetu ipate kuwafaa viumbe Wako, na Utuepushe na povu la kujiona. Amin.